Vyumba, apatimenti au fremu: upangishe nini kwenye kiwanja chako cha Dar

Kiwanja cha ishirini kwa ishirini pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Goba, Kinyerezi au Chanika, kinaweza kubeba vyumba sita vya master (kila kimoja na choo na bafu ndani), au apatimenti mbili zenye vyumba viwili vya kulala kila moja, au fremu tatu za maduka kama kimegusa barabara yenye watu. Mwenye kiwanja akikaa na fundi, mazungumzo yote yanakuwa ya mapato: kipi kitaleta kodi kubwa kwa mwezi? Naamini swali hilo ndilo linalowapoteza wengi. Mapato ya aina hizi tatu hayapishani sana. Kinachopishana, tena kwa mbali, ni kazi ya kuyapata, na nani ataifanya kazi hiyo wiki baada ya wiki kwa miaka mingi.

Tuanze na hesabu, kwa bei za mfano tu. Za mtaa wako utazijua kwa kuuliza wapangaji wenyewe, maana dalali atakutajia bei anayotaka ulipe. Master sita kwa 120,000 kila kimoja ni 720,000 kwa mwezi, sawa na 8,640,000 kwa mwaka. Apatimenti mbili kwa 350,000 ni 8,400,000 kwa mwaka. Fremu tatu kwa 230,000 ni 8,280,000. Sasa ondoa miezi ya kukaa wazi, ambayo haikwepeki. Watu wa vyumba huhama mara kwa mara. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka, zimeondoka 720,000. Apatimenti moja ikikaa wazi miezi miwili, zimeondoka 700,000. Fremu moja ikikosa mtu miezi mitano, zimeondoka 1,150,000. Unabaki na 7,920,000 kwa vyumba, 7,700,000 kwa apatimenti na 7,130,000 kwa fremu, kabla ya matengenezo na kabla ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato. Tofauti ya vyumba na apatimenti ni 220,000 kwa mwaka mzima. Hiyo inamezwa na pampu moja ikiungua.

Vyumba: kodi haikatiki, simu nazo hazikatiki

Uzuri wa vyumba ni kwamba hasara imegawanyika. Mmoja akihama, watano bado wanalipa. Na wapangaji wa kujaza nafasi hawakosekani: kijana aliyeanza kazi, mwalimu aliyehamishwa, dada wa saluni, dereva wa bodaboda, wachumba wanaoanza maisha. Chumba chenye choo ndani, kwenye mtaa wenye usafiri, hakimalizi wiki tatu bila mtu kuja kukiulizia.

Lakini nyumba ya vyumba ni jamii, na jamii inahitaji mtu wa kuamua. Nimeona nyumba nzuri zikiharibika kwa sababu ya LUKU tu, umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja, vyumba sita. Tarehe moja kila chumba kinatoa elfu kumi, unanunuliwa umeme wa elfu sitini. Mwenye friji anasema friji yake ni ndogo, haili umeme. Mwenye pasi ananyoosha nguo za wiki nzima Jumapili usiku. Kijana wa chumba cha mwisho anarudi saa tano usiku, ana taa moja na chaja ya simu, na analipa sawa na wenzake. Tarehe kumi na tisa units zinaisha. Nani anunue? Mama wa mtoto mchanga anaweka elfu mbili ili achemshe maziwa, nyumba nzima inawasha taa kwa elfu mbili zake, na kesho yake hasalimiani na mtu. Mwezi wa tatu yule kijana wa taa moja anahama. Na ndiye aliyekuwa analipa kodi kabla hujamkumbusha.

Dawa yake inajulikana, ila lazima ifanyike kabla ya plasta: kila chumba kiwe na waya wake kutoka kwenye mita yake, ya TANESCO au mita ndogo ya kusomea matumizi iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Ukingoja mpaka nyumba iishe, utachimba kuta zilizopakwa rangi. Jambo la kufuatilia ni kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu kwa jengo la ghorofa. Jengo moja likiwa na mita nyingi za TANESCO, nenda TRA mapema na namba za mita zote, ijulikane ni ipi ya kukatwa, la sivyo wapangaji watakuuliza kwa nini kila mmoja anakatwa kwa nyumba isiyo yake. Wana haki ya kuuliza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba muungwana anampunguzia mpangaji kiasi hicho kwenye pango bila kuvutana.

Kitu cha pili ni maji taka. Master sita ni vyoo sita, mabafu sita, koki sita na vitasa sita, vyote vinatumiwa na watu wasiojuana. Shimo lililochimbwa kwa makadirio ya familia moja linajaa haraka kuliko ulivyopanga, na kwenye maeneo ya udongo wa mfinyanzi au ambako maji ya ardhini yako juu linajaa kila masika. Gari la kunyonya maji taka likija, swali la LUKU linarudi kwa sura mpya: mchango ni kwa chumba au kwa kichwa? Chumba kimoja wanakaa wawili, kingine watano. Ushauri wangu ni usiwachangishe kabisa. Jumlisha gharama hiyo kwenye kodi tangu mwanzo, iwe shughuli yako, uchague mwenyewe siku ya kuliita gari kabla harufu haijaanza.

Na kuna ya ubinadamu. Muziki wa usiku, mgeni aliyegeuka mkazi, nguo zilizopotea kwenye kamba, mama wawili waliogombana kwa sababu ya watoto. Utapigiwa simu wewe, maana kwao wewe ndiye baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba, na mwenye nyumba anatarajiwa kusuluhisha. Anayeishi palepale, au mtaa wa pili, anaimaliza kesi jioni moja. Anayeishi mbali anaimaliza kwa kupoteza mpangaji.

Vyumba vya wanafunzi ni tawi la hapahapa. Msewe, Changanyikeni na Makongo wanaishi kwa wanafunzi wa Mlimani, na kodi hulipwa vizuri muhula unapoanza. Chuo kikifungwa, vyumba vinalala. Weka hesabu yako kwa miezi ya masomo tu.

Apatimenti: utulivu, halafu pengo

Familia yenye watoto shuleni haihami hovyo. Ikihama huhama Desemba, shule zikifungwa, na hutoa taarifa. Kila nyumba ina mita yake, jiko lake, choo chake, mlango wake. Simu za usiku hupungua mno, na anayepiga anazungumzia bomba au paa, si jirani. Kwa mtu mwenye ajira anayeweza kupita Jumamosi moja kwa mwezi, hii ndiyo aina inayobebeka.

Ubaya wake ni pengo. Ukiwa na mbili na moja ikawa wazi, nusu ya mapato imekwenda. Na familia inayolipa 350,000 inachagua. Inataka marumaru, makabati ya jikoni, maji ya kutoka bombani ndani, ukuta, geti, sehemu ya kuweka gari. Inafungua koki ya bafuni ya ndani kabisa kuona presha ya maji kabla ya kuzungumzia bei. Maji ya DAWASA yakiwa ya mgao, simtank moja kwa familia mbili litaleta maneno. Weka mawili, kila nyumba na lake, na pampu iunganishwe kwenye mita inayojulikana ni ya nani. Taa za nje nazo ni hivyohivyo. Vitu vidogo vya pamoja ndivyo vinavyorudisha ugomvi wa nyumba ya vyumba ndani ya nyumba uliyoijenga ili kuukwepa.

Kila mpangaji akitoka kuna wiki ya rangi, vitasa, soketi na choo kinachovuja. Hapa ndipo amana inapofanya kazi. Chukua kodi ya mwezi mmoja kama amana, iandikwe kwenye mkataba, na siku ya kukabidhi funguo mpite pamoja chumba kwa chumba mkipiga picha: sinki, dari, vioo, mita ya LUKU inasoma ngapi. Picha zibaki kwa wote wawili. Bila picha amana ni chanzo cha kesi.

Wako wanaonunua apatimenti ndani ya ghorofa badala ya kujenga. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ipo tangu 2008, kwa hiyo dai hati ya sehemu yako, usiridhike na barua ya mjenzi. Kisha uliza gharama ya kila mwezi ya lifti, ulinzi, jenereta na usafi, maana hiyo hulipwa hata nyumba ikiwa tupu. Na kwa waliozoea kutaja kodi kwa dola kule Masaki na Oysterbay, kanuni za 2025 zimekataza kutaja wala kupokea bei ya ndani kwa fedha za kigeni. Hesabu zako zifanye kwa shilingi.

Fremu: mpangaji anajihudumia, barabara ndiyo inayoamua

Mwenye duka hakupigii simu kwa sababu ya balbu. Anapaka rangi anayotaka, anaweka shelfu zake, analinda mali yake kwa hiyo analinda na mlango wako. Choo kimoja cha uani kinatosha fremu zote. Kwa usumbufu wa kila siku, fremu zinashinda aina zote.

Lakini fremu haina wastani. Ipo yenye watu wanaoipigania mpaka wanalipa kilemba, hela ya kuachiwa nafasi, kuingia, kama Kariakoo, na ipo iliyofungwa mwaka wa pili, shata ikishika kutu. Kabla hujajenga, tembea barabara hiyo jioni ya siku ya kazi, dakika tano kila upande, uhesabu fremu zilizofungwa. Uliza zilizofunguliwa zimebadilisha biashara mara ngapi. Mtaa ambao kila mwenye ukuta ameubomoa akajenga fremu hauhitaji fremu zako. Wakazi wa kununua ni walewale, maduka yameongezeka.

Halafu pima kutoka katikati ya barabara. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba na fremu nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa kupisha upanuzi, na wengi walikuwa wamekaa pale kwa miaka. Fremu kwa asili yake inataka kusogelea barabara, na kila mita unayosogea unaingia kwenye hatari hiyo. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na ofisi ya TANROADS, wakala wa barabara, uoneshwe mipaka ya hifadhi ya barabara kwenye ramani. Maneno ya jirani kwamba "hapa hawafiki" si kipimo.

Fremu ndiyo pia inayokutana na TRA mapema kuliko aina nyingine. Mpangaji ambaye ni kampuni au mfanyabiashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya 10% kwenye pango, kuipeleka TRA na kukupa cheti. Ugomvi huanza pale mliposhikana mikono kwa "laki nne na nusu" bila kusema ni kabla au baada ya zuio. Ukitaka laki nne na nusu mkononi, mkataba useme 500,000. Uweke sentensi hiyo kwa herufi zinazosomeka. Na ukipokea vyeti, vitunze vyote kwenye faili moja; ndivyo vinavyothibitisha kwamba kodi imelipwa siku utakapoulizwa.

Nyumba ya kulaza wageni kwa siku, kwa programu za simu, sijaiweka kwenye ulinganisho huu makusudi. Ile ni kazi ya hoteli: mashuka, usafi kila asubuhi, funguo saa nane usiku. Mwenye nguvu za kuendesha hoteli aiendee kama hoteli.

Miezi sita mbele

Iwe chumba, apatimenti au fremu, Dar ina desturi ya kudai kodi ya miezi sita, na wengine mwaka. Wenye nyumba wanaipenda kwa sababu inaondoa kazi ya kudai kila mwezi. Mimi naiona inawaumiza wote. Mpangaji anakopa ili aingie. Mwenye nyumba anapokea milioni mbili kwa mkupuo, inaishia kwenye ada au msiba, na mwezi wa nne simtank likipasuka hana kitu, wala hana kodi ya kuingia mpaka mwezi wa saba. Na mpangaji mkorofi aliyelipa miezi sita, utakaa naye miezi sita.

Kuna na upande wa sheria usiozungumzwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, upangaji usio na tarehe ya mwisho unaokwenda kwa vipindi vya malipo huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja. Kipindi chako kikiwa mwezi, notisi ni mwezi. Ukikifanya miezi sita bila mkataba unaosema vinginevyo, umejifunga mwenyewe. Miezi mitatu mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja, naiona ndiyo njia ya haki kwa apatimenti na fremu. Kwa vyumba, mwezi kwa mwezi baada ya miezi mitatu ya kwanza inawezekana kabisa kama kuna mtu wa kufuatilia.

Mkataba ndio ngao pekee. Zamani ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, iliyowalinda wapangaji kuhusu bei na kutolewa, ilifutwa 2005. Leo mlichoandika ndicho mtakachosomewa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata lipo, ila tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Kwa hiyo andika: kiasi, tarehe ya kulipa, nani anatengeneza nini, idadi ya wakaazi, notisi, amana. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA. Mpeleke mpangaji kwa mjumbe na serikali ya mtaa ajulikane. Na asipolipa, usithubutu kung'oa mlango, kufunga kufuli juu ya kufuli lake, wala kukata umeme. Nimeona mtu anayedai miezi minne akageuka yeye mshtakiwa kwa asubuhi moja ya hasira, na deni lake likasahaulika huku wanajadili godoro lililonyeshewa.

Nani asimamie

Wengi wanaoniuliza habari hizi wako Muscat, Dubai au Marekani, na msimamizi wao ni ndugu. Mdogo wako anakaa chumba kimoja bure, anakusanya vitano. Miezi ya kwanza hela inakuja. Kisha inakuja pungufu na maelezo: fundi bomba, shimo, mpangaji kaomba subira. Huwezi kumwomba risiti mdogo wako bila mama kusikia kwamba unamwona mwizi. Na huenda si mwizi. Hela za nyumba na zake zimekaa simu moja, basi zimechanganyika.

Tenganisha mambo mawili. Kodi ilipwe moja kwa moja benki au kwenye Lipa Namba ya jina lako, ujumbe wa malipo ukufikie popote ulipo. Ndugu abaki na matengenezo na wapangaji wapya, na umlipe asilimia inayojulikana, iandikwe, kama ambavyo ungemlipa mgeni. Chumba anachokaa kihesabiwe kuwa sehemu ya malipo hayo. Matengenezo yanayozidi kiasi fulani, tuseme 50,000, yatanguliwe na picha. Ukimlipa una haki ya kuuliza, naye ana heshima ya kazi yake. Dalali ana nafasi yake pia: analeta mtu na kuchukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji. Kwa sababu analipwa kila mtu anapoingia, hana faida mtu akikaa muda mrefu. Usimpe funguo za usimamizi.

Mimi ningechagua hivi. Unaishi karibu, una muda na una uvumilivu wa watu: jenga vyumba, kila kimoja na mita yake, ukipata faida ya kugawanya hasara. Umeajiriwa, unapita wikendi: apatimenti mbili, na weka akiba ya miezi miwili ya pengo kabla ya kununua makabati ya bei kali. Uko nje ya nchi: nyumba moja nzima kwa familia moja au taasisi, hata kama kodi yake kwa mwezi ni ndogo kuliko vyumba. Fremu ningezijenga kwenye barabara iliyokwisha kujulikana tu, nje ya hifadhi, na ningeanza na mbili huku nikiacha msingi wa ya tatu.

Na kama kiwanja chenyewe bado kina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa peke yake, hela ya kwanza iende kwa mpima ardhi na kwenye hati kabla ya tofali. Taasisi inayotaka kupanga itaomba nakala ya hati, benki itaiomba ukitaka kumalizia ujenzi kwa mkopo, na pango la ardhi la kila mwaka litalipwa kwa jina lako na si la aliyekuuzia.